Ambachi na Ndugu Zake



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya mti mmoja uotao kandokando ya maziwa na mabwawa ya bara letu. Si mti wa mbao za kujengea nyumba, wala si mti wa matunda ya kula. Watu wengi waishio karibu nao huuona kuwa ni kichaka cha miiba kinachozuia njia ya mitumbwi, na mtu akitaka kusafisha sehemu yake ya ufuko, mti huu ndio wa kwanza kukatwa. Walakini mti huu una jamaa wenye heshima kubwa katika nyumba zetu na mashamba yetu, tena unafanya kazi ambayo miti mingine michache sana huweza kuifanya. Nia yangu ni kuwaonyesha ya kwamba kuujua ukoo wa mmea si mchezo wa wataalamu waketio na vitabu vyao. Ni jambo liwezalo kuamua kama panga lianguke au lisianguke.

Katika vitabu mti huu huitwa ambachi. Jina hilo lilienea kwa sababu ya wasafiri wa mto wa Nile Mweupe, mmoja wao akiwa Samuel Baker, Mwingereza aliyesafiri huko miaka ya 1862 hata 1865, akaandika habari za mti mwepesi wa ajabu uotao katikati ya mafunjo. Watu wa kila ziwa wana jina lao kwa lugha yao, nao wanalijua jina hilo kuliko mimi. Kwa hiyo sitawaomba mwukumbuke kwa jina tu. Nataka mwutambue kwa sura yake.

Ambachi huota katika maji yasiyo na kina kirefu, au katika tope lililolowana. Huweza kupata kimo cha meta mbili hata tisa. Shina lake ni nene chini, karibu na maji, kisha hupungua unene kadiri liendavyo juu. Shina na matawi yana miiba, na jani lake limegawanyika katika vijani vidogo vingi vilivyopangwa huku na huku kama meno ya kitana. Ua lake ni kubwa, la rangi ya manjano iliyokolea hata kukaribia rangi ya chungwa. Ganda lake la mbegu ni alama nzuri kupita zote: limejikunja mzunguko juu ya mzunguko, tena limeungwa kwa vipande vipande kama ushanga, na kila kipande kina mbegu moja. Likikauka hukatika mahali pa viungo, na kila kipande huanguka majini na kuelea kikienda zake.

Sasa litazameni ua lile kwa makini. Lina majani matano ya rangi. Moja kubwa limesimama juu; mawili yako ubavuni, moja kulia na moja kushoto, kama mabawa; na mawili ya chini yamekaa pamoja, yamefanya umbo kama mkuku wa chombo. Ukitazama kwa mbali utadhani ni kipepeo aliyetua. Je, mmeliona wapi tena ua la namna hii? Nendeni kesho shambani mkatazame ua la kunde, au la mbaazi, au la choroko, au la karanga. Mtaona jani lile la juu, na mabawa yale mawili, na mkuku ule ule. Mti wa ziwani wenye kimo cha nyumba, na mche wa karanga usiofika magotini, wamevaa nguo ya namna moja. Huo ndio mwanzo wa kujua undugu wao.

Wataalamu wa mimea huipanga mimea kama sisi tupangavyo watu. Kuna jamii kubwa. Ndani ya jamii kuna nyumba. Ndani ya nyumba kuna makabila. Ndani ya kabila kuna koo. Na ndani ya ukoo kuna aina moja moja. Ambachi ni wa jamii ya mikunde. Jamii hii ina aina karibu 20,000 duniani, na kati ya mimea itoayo maua ni jamii mbili tu zinazoizidi kwa wingi wa aina, yaani ile ya okidi na ile ya alizeti. Mwaka 2017 wataalamu wa nchi nyingi walipatana kuigawa jamii ya mikunde katika nyumba sita. Ambachi imo katika nyumba ya maua ya kipepeo, pamoja na kunde, maharagwe, mbaazi na karanga.

Jina lake la kitaalamu lina maneno mawili, kama ilivyo desturi tangu Carl Linnaeus, mtaalamu wa nchi ya Uswidi, alipotoa kitabu chake kikubwa cha mimea mwaka 1753. Neno la kwanza ni jina la ukoo, na la pili ni jina la aina yenyewe. Mti huu uliandikwa kwanza na wataalamu wawili, Guillemin na Perrottet, katika kitabu cha mimea ya Senegali na Gambia kilichotolewa kati ya mwaka 1830 na 1833. Waliuita Herminiera elaphroxylon. Neno lile la pili limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni mti mwepesi. Walidhani ya kwamba mti huu ni wa peke yake, ndiyo sababu wakautengea ukoo wake wenyewe. Lakini mwaka 1894 Mjerumani aitwaye Taubert aliuweka katika ukoo wa Aeschynomene, ambao ulikuwamo tayari katika kitabu cha Linnaeus. Basi tangu hapo huitwa Aeschynomene elaphroxylon. Tazameni ya kuwa jina la ukoo lilibadilika, bali jina lake mwenyewe halikubadilika. Ni kama mtoto ahamiaye nyumba ya mjomba wake: ataitwa mtu wa nyumba ile, lakini jina alilopewa siku ya kuzaliwa halimtoki.

Jina Aeschynomene nalo lina maana. Kwa Kiyunani ni kama kusema mwenye kuona haya, kwa sababu baadhi ya mimea ya ukoo huu hukunja vijani vyake inapoguswa, kama bibi arusi ajifunikaye uso.

Wanafunzi wangu katika chuo cha ualimu huuliza, Mwalimu, kubadilisha majina hivi kuna faida gani? Jibu langu ni hili. Jina la ukoo ni dai, na dai huhitaji ushahidi. Zamani ushahidi ulikuwa ua, ganda na jani tu. Siku hizi wataalamu husoma pia chembe za urithi zilizomo ndani ya mmea, ambazo mzazi humpa mtoto, na kwa kuzilinganisha huweza kujua ni mimea gani iliyotoka katika babu mmoja. Mwaka 2001 Mmarekani Matt Lavin na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa namna hiyo, nayo yaliwashangaza wengi. Walionyesha ya kwamba ukoo wa ambachi, na ukoo wa karanga, na ukoo wa mninga, na ukoo wa mpingo, zote ni za kabila moja kubwa. Tena ndani ya kabila hilo, karanga iko upande wa mninga, na ambachi iko upande wa mpingo.

Fikirini maneno hayo, wasikilizaji. Mpingo ndio mti mzito ambao Wamakonde huuchonga sanamu, na mafundi wa Ulaya huufanya kuwa filimbi na zumari. Mchemraba wa maji wenye upande wa meta moja una uzito wa kilo 1,000. Mchemraba kama huo wa mpingo huweza kupata kilo 1,200. Kwa hiyo mpingo huzama. Na ambachi ni nyepesi kuliko kizibo cha chupa. Uzito wake haufiki hata robo ya uzito wa maji. Chukueni kipande cha mpingo na kipande cha ambachi mkavitie katika beseni moja la maji. Kimoja kitakwenda chini kama jiwe, na kingine kitakaa juu kama unyoya. Mtu akiambiwa ya kuwa hao ni ndugu atacheka. Hata hivyo ni ndugu, na uzito haukuwa ushahidi hata kidogo. Uzito ni mazoea ya mahali mtu aishipo. Mpingo umeishi katika nchi kavu yenye moto na ukame, ukajifanya mgumu. Ambachi imeishi majini, ikajifanya nyepesi. Ukoo hautambuliwi kwa kazi mtu aifanyayo, bali kwa asili yake.

Kosa la kuhukumu kwa sura lilionekana pia ndani ya ukoo huo huo. Kwa muda mrefu aina za majini na aina za nchi kavu ziliwekwa pamoja chini ya jina moja la Aeschynomene. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha ya kwamba kundi moja kubwa la aina za nchi kavu lina undugu wa karibu zaidi na ukoo mwingine, uitwao Machaerium, kuliko na wenzake wa majini. Basi waliokuwa wakiitwa kwa jina moja hawakuwa wa nyumba moja.

Iko alama moja zaidi ya undugu, nayo imefichika chini. Ng'oeni mche wa karanga taratibu mkaitazame mizizi yake. Mtaona vifundo vidogo. Ndani yake wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, ambao hutwaa naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Hewa tunayovuta, karibu sehemu nne kwa tano ni naitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuitumia hata kidogo ikiwa hewani. Mikunde huweza, kwa msaada wa wageni hawa wanaokaa mizizini. Katika kunde na maharagwe, vijidudu huingia kwa njia ya vinyweleo vya mzizi. Katika karanga na katika ukoo wa ambachi huingia kwa njia nyingine: hupita katika ufa mdogo mahali ambapo mzizi mchanga unachomoza kutoka katika mzizi mkubwa. Ni mlango wa nyumba moja. Na katika baadhi ya ndugu za ambachi waishio majini, vifundo hutokea hata juu ya shina, na vijidudu waliomo huweza kutumia nuru ya jua kama jani litumiavyo.

Basi ambachi husimama katika tope ambalo mara nyingi lina upungufu wa chakula hicho cha naitrojeni, nayo huleta chakula chake mwenyewe. Majani yake yakianguka na kuoza, chakula hicho huenda kwa wengine. Aliyekata ambachi yote ya ufuko wake akidhani ameondoa magugu, amemfukuza pia mrutubishaji asiyedai mshahara.

Sasa nitasema kidogo juu ya wepesi wake. Ukilikata shina la ambachi utaona kitu cheupe, laini, ambacho kisu hukipita kwa urahisi. Wengi hudhani ni moyo wa mti tu, kama ule wa mhogo. Sivyo. Ni mti wenyewe, lakini chembe zake zina kuta nyembamba sana na zimejaa hewa. Kwa sababu hiyo mti huweza kusimama miguu yake ikiwa majini bila kushindwa kupumua, na maji yakipanda hutoa mizizi mipya shinani.

Watu wa Afrika waliujua wepesi huo na kuutumia muda mrefu kabla ya wasafiri kuja na kalamu zao. Washiluki wa Nile Mweupe waliyafunga mashina ya ambachi pamoja wakafanya chelezo, ambacho mtu mmoja aliweza kukitoa majini na kukichukua kichwani mpaka nyumbani. Katika Ziwa Baringo, nchini Kenya, Wailchamus, ambao katika vitabu vya zamani huitwa Wanjemps, hutengeneza kwa ambachi vyombo vidogo vya kuvulia samaki. Mvuvi hukaa juu ya mashina yaliyofungwa kwa kamba, na anaporudi hukianika chombo chake juani, maana ambachi ikikaa sana majini hunywa maji na kuwa nzito. Wavuvi wa Ziwa Victoria nao, kabla ya plastiki kuenea, walikata vipande vya ambachi wakavifanya maboya ya nyavu zao.

Hata watu wa mbali walinufaika na ukoo huu. Huko Bara Hindi iko aina nyingine ya majini, iitwayo Aeschynomene aspera, na Wahindi huiita sola. Kutokana na mti wake mwepesi zilitengenezwa zile chepeo nyeupe ngumu ambazo maofisa wa Kizungu walizivaa katika nchi za joto, katika Bara Hindi na katika Afrika yetu, mpaka karibu na katikati ya karne iliyopita. Wengi walidhani jina la chepeo hizo lina maana ya jua. Halina. Ni jina la mmea wa bwawani, ndugu wa ambachi ya kwetu. Naam, bwana mkubwa alipopita kijijini na chepeo yake, huenda alikipita kichaka cha ambachi ufukoni bila kujua ya kwamba amevaa jamaa yake kichwani.

Je, ambachi hupatikana wapi? Hupatikana katika sehemu kubwa ya Afrika ya joto. Toka Senegali upande wa magharibi huonekana Nigeria na Chadi, kisha katika mabwawa makubwa ya Sudani Kusini, na katika maziwa ya Bonde la Ufa la Ethiopia, kama Abaya na Chamo. Huonekana Uganda, Kenya na Tanzania, huendelea mpaka Kongo, Malawi na Zambia, na kufika Angola. Mwaka 1971 Gillett, Polhill na Verdcourt walitoa sehemu ya kitabu kikuu cha mimea ya Afrika ya Mashariki ihusuyo nyumba ya maua ya kipepeo, na ambachi imo.

Lakini mkitazama ramani msidhani imeenea kama nyasi. Imo hapa, haimo pale. Huutaka ufuko wa maji matamu, yatulivu, yasiyo na kina kikubwa, tena yenye kupanda na kushuka. Ziwa Baringo lina maji matamu, nayo ipo. Ziwa Bogoria liko karibu tu upande wa kusini, lakini maji yake yana chumvi na magadi mengi, na huko haiwezekani kuitarajia. Kwa hiyo makao ya ambachi ni kama visiwa: hapa ufuko, pale bwawa, na katikati nchi kavu isiyoifaa. Jambo hili lina maana kubwa. Mti wa porini ukikatwa kijiji kimoja, mbegu huweza kutoka kijiji cha jirani. Ambachi ya ziwa moja ikimalizika, jirani yake huenda ni ziwa lililoko mbali sana.

Hapo ndipo nifikapo penye jambo lenyewe. Mbegu ya ambachi huota juu ya tope lililoachwa wazi na maji. Ikiwa chini ya maji marefu haioti. Kwa hiyo uzazi wa mti huu hufuata kupanda na kushuka kwa ziwa. Maji yakishuka, tope huonekana, mbegu huota. Maji yakirudi polepole, miche huwa imekwisha kupata kimo, nayo husimama na kuendelea. Maji yakirudi kwa haraka na kupanda sana, miche huzama, na hata miti mikubwa huweza kufa.

Maziwa yetu hayatulii. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya meta mbili kwa sababu ya mvua nyingi mno, na mwezi wa Mei mwaka 2020 lilifika tena kimo kile, hata kukipita kidogo. Ziwa Baringo na maziwa mengine ya Bonde la Ufa la Kenya yalipanda sana kati ya mwaka 2010 na 2020, yakafunika mashamba, shule na nyumba. Huko Ziwa Chadi mambo yalikuwa kinyume: katika ukame wa miaka ya sabini ziwa lilipungua hata mwaka 1973 likagawanyika mara mbili, na juu ya tope lililobaki wazi ambachi iliota ikawa msitu mnene.

Haihitaji elimu kubwa kuona hatari iliyopo. Maji yanaposhuka, sisi pia huliona tope lile lenye rutuba. Huyu hupanda mboga, yule huleta ng'ombe wake kunywa na kula nyasi changa. Miche ya ambachi, ingali na kimo cha kidole, huliwa au hupaliliwa pamoja na magugu. Miti mikubwa husimama, na mtu husema, Ambachi bado iko nyingi. Lakini ni wazee watupu wasio na watoto. Siku ziwa litakapopanda na kuwaua wazee, hakutakuwa na wa kurithi.

Na ufuko usio na ambachi ni ufuko wa namna gani? Mawimbi hupiga udongo moja kwa moja na kuumega. Samaki wadogo, waliokuwa wakijificha kati ya mashina wasimezwe na wakubwa, hukosa mahali. Ndege waliokuwa wakijenga viota juu ya maji huhama. Hasara hizo haziji siku moja. Ndiyo sababu ni vigumu kwa watu kuziona.

Najua wako watakaonijibu, Mwalimu, ambachi huziba njia zetu, hutoboa nyavu zetu, na mamba hujificha ndani yake. Ni kweli, sitakana. Mahali pa kuteka maji na pa kutia mitumbwi panafaa kuwa wazi. Lakini kukata njia ni kitu kimoja, na kukata ufuko mzima ni kitu kingine. Mwenye nyumba hufungua mlango. Havunji ukuta wote.

Tena nawaonya juu ya jambo moja ambalo elimu ya koo za mimea hulisaidia sana. Kuna kijiti kingine chenye miiba, kipendacho mabwawa vile vile, nacho pia ni wa jamii ya mikunde. Jina lake ni Mimosa pigra, na asili yake ni Amerika ya joto. Mtu asiyekitazama vizuri atakichanganya na ambachi. Lakini si wa nyumba moja. Ua lake si kipepeo. Ni kitufe cha nyuzi laini cha rangi ya waridi iliyofifia. Jani lake limegawanyika mara mbili, nalo hulala upesi ukiligusa. Ganda lake limenyooka, lina manyoya magumu, na halikujikunja. Kijiti hiki huweza kuteka nchi nzima. Katika tambarare ya mto Kafue huko Zambia, ndani ya hifadhi ya Lochinvar, kilienea juu ya malisho makubwa ya wanyama na makao ya ndege, na kukiondoa kumekuwa kazi ya gharama nyingi.

Sasa fikirini kijiji kilichosikia ya kwamba kijiti cha miiba cha bwawani ni adui, kikatoka na mapanga bila kutazama ua wala ganda. Huenda kikamkata mwenyeji na kumwacha mgeni, na mgeni yule, akiisha kupata nafasi, atajaa tele. Wazee walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Ua na ganda ni taa mbili ndogo zitoshazo kuondoa giza hilo.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu, wala hayana gharama. Kwanza, kila kijiji cha ufukoni kitenge sehemu ya tope, isiyolimwa wala kulishwa, wakati maji yanaposhuka, ili miche ipate kukua. Pili, mtu akikata ambachi kwa ajili ya chelezo au maboya, akate hapa na kuacha pale, asifyeke kama afyekaye shamba. Tatu, ninyi walimu na wanafunzi mlio karibu na maji, leteni darasani ua la ambachi na ua la karanga, myaweke juu ya meza moja, na kila mtoto ahesabu majani yale matano kwa kidole chake. Mtoto aliyeuona undugu huo kwa macho yake hataliinua panga kwa pupa atakapokuwa mkubwa.